Kiti cha Tatu Jukwaani

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu, Bwana Chifu, Mchungaji Motari wa kanisa la Waadventista hapa Sindo, Padre wetu uliyefunga safari kutoka Asumbi, ndugu Bravin Mokaya wa kampuni ya mafuta ya kupikia, ambaye safari hii nashukuru umechagua kuja siku ya Jumatano, wageni waalikwa, mama zangu wakaanga samaki, na wewe mwenyewe, Mama Filister Nyasuguta, ambaye itifaki imekuweka mwisho ingawa sote tumekuja kwa ajili yako: hamjambo?

Naona wengine mmeshaanza kucheka kwa sababu ya hiyo Jumatano. Mnaojua, tulieni. Wasiojua, nitafika.

Mimi ni Joash Oyaro. Nafundisha historia katika shule ya upili hapo juu, na katika uchaguzi uliopita niligombea ubunge kwa tikiti ya chama kidogo ambacho alama yake ilikuwa ngazi. Mlisema ni ngazi isiyo na ukuta wa kuegemea, na matokeo yakaonyesha kwamba mlisema kweli. Leo nimeombwa nimuage Mama Filister, anayeacha uenyekiti wa kikundi cha wakaanga samaki na kurudi kwao Nyamira kulima. Nimeambiwa pia nisimalize muda wa watu. Kumwambia mwalimu hivyo ni kumtwisha mzigo, lakini nitajitahidi.

Ndugu zangu, mnakumbuka mdahalo ule. Kituo kimoja cha redio kinachosikika Migori na Homa Bay kilitangaza kwamba wagombea ubunge wa jimbo letu watakutana jukwaani, wananchi wawaulize maswali, na kampuni ya mafuta ya kupikia igharimie ukumbi, mahema na matangazo. Tulikuwa wagombea watatu. Viti vilivyopangwa vilikuwa viwili. Nilipigiwa simu na kijana mwenye sauti tamu, akaniambia, "Mwalimu, kura ya maoni inaonyesha bado uko chini kidogo, lakini usijali, tumekutengea kiti kizuri sana mstari wa mbele." Kiti cha kusikiliza! Nifanye nini mimi? Nilikasirika, nikaandika malalamiko kwenye mtandao, watu wachache wakaniwekea alama ya dole gumba, yakaishia hapo. Nikajiambia mnyonge hana haki, nikarudi kusahihisha mitihani.

Asubuhi iliyofuata nilipita sokoni kununua samaki. Mama Filister alikuwa ameinamia karai lake, amevaa ile aproni ya manjano ambayo kampuni iliwagawia wakaangaji wote. Hatukuwa na urafiki wowote. Mimi ni Msuba wa hapa hapa, yeye ni Mkisii aliyekuja kwa biashara akakaa, na tulijuana kama mteja na muuzaji wanavyojuana. Bila hata kuinua macho akaniuliza, "Mwalimu, nasikia wewe utakaa chini?" Nikamwambia ndiyo, ndivyo walivyoamua. Akageuza samaki wake. Kisha akasema maneno ambayo nimewasimulia wanafunzi wangu mpaka wamechoka nayo. "Mimi nikileta samaki watatu hapa, mteja ndiye anachagua. Hao nani amewapa kazi ya kuficha mmoja chini ya meza?"

Nikamshauri aende redioni akalalamike. Alinitazama kama ninavyomtazama mtoto aliyelala darasani. "Redio hainijui," akasema. "Chama hakinijui. Lakini huyu kijana anayetuletea mafuta ananijua, kila wiki anakuja kuniuliza habari ya nyumbani. Mbuzi akila sukuma wiki yako, mwalimu, wewe unaenda kuongea na mbuzi au na mwenye mbuzi?"

Siku ya pili yake nilikuja sokoni nikadhani nimepotea njia. Soko zima lilikuwa limebadilika rangi. Mama hawa mnaowaona hapa, kila mmoja alikuwa amegeuza aproni yake nje ndani. Manjano yote yamezama, jina la kampuni limezama, kumebaki kitambaa cheupe chenye mishono na nyuzi zinazoning'inia, kutoka meza ya kwanza hadi ya mwisho kule kwenye maji. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyebeba bango. Mteja akiuliza kuna nini, anajibiwa taratibu, "Tunangojea mtu wa tatu." Nilisimama pale na kikapu changu nikasikia nywele zinanisimama. Nimefundisha habari za mapinduzi kwa miaka mingi, waheshimiwa, lakini sikuwahi kuona moja likianza mbele ya macho yangu, tena likiwa limefungwa kamba kiunoni.

Tena hawakuishia kwenye nguo, kwa sababu Mama Filister si mtu wa nusu nusu. Waliacha kukaanga. Samaki wakachomwa, wakakaushwa, wakachemshwa. Mgongo wazi, ile mifupa ya sangara iliyokwisha kutolewa minofu, wa kuchemsha, jamani! Nani alikuwa amewahi kuula? Habari ikavuka. Mama wa maandazi wa kule Asumbi wakageuza aproni zao, na Padre hapa ni shahidi kwamba kwa siku kadhaa alikunywa chai na viazi vitamu. Isebania, ambapo mtu anatembea tu akajikuta Sirari, ng'ambo ya mpaka, wenzetu wakaanza kununua mafuta ya Tanzania. Hapo ndipo kampuni iliposhtuka. Biashara ya mpakani ikishahama ni kazi kuirudisha.

Lakini msidhani ilikuwa sherehe. Wateja walikasirika. Wengine walihamia kwenye nyama. Dorine, uko wapi Dorine? Simama watu wakuone. Dorine alikuwa na watoto wawili shule ya bweni, na siku moja alikuja mbele ya meza ya mwenyekiti akilia, mimi nikiwa pale pale. Akasema, "Mama, sasa nitawalisha nini? Huyu mwalimu ndiye atanilipia fees?" Mama Filister akajibu, "Hapana, hatakulipia. Na usimwombe." Kisha akachukua jiko lake la kuchomea, akalihamisha kutoka pale kando ya barabara, mahali pazuri kuliko pote sokoni, akamwambia Dorine aweke lake. Yeye akaenda kukaa nyuma, karibu na jaa la magamba, ambako hata nzi hupita kwa haraka. Alikaa huko mpaka mambo yalipoisha. Niliona aibu mpaka nikataka kujitoa kwenye uchaguzi. Nilipomwambia hivyo, alinikemea kama mwanawe.

Sasa nimefika kwenye Jumatano yangu. Kampuni ilimtuma ndugu yetu Bravin atoke Nairobi haraka aje atulize mambo. Akaja. Lakini akaja Jumamosi! Mtoto wa Mkisii, aliyebatizwa na Waadventista, anakuja Sindo siku ya Sabato kujadili mafuta. Alikuta meza tupu, akaelekezwa kanisani. Akaingia na shati lake la manjano lenye jina la kampuni mgongoni, akamfuata Mama Filister kwenye benchi, akaanza kunong'ona habari za udhamini. Mama akamwuliza, "Wewe mwana wa mama gani, unaniletea biashara Sabato?" Akamsukumia kitabu cha nyimbo. Basi Bravin akakaa. Akakaa shule ya Sabato, akakaa mahubiri, na Mchungaji Motari siku hiyo, nasikia, hakufupisha. Akala chakula cha pamoja, akarudi kwa kipindi cha mchana. Waliokuwepo wanasema kufikia wimbo wa pili alikuwa anaimba sauti ya besi bila kitabu, na machozi yanamlengalenga, kwa sababu ulikuwa wimbo wa marehemu mama yake. Usiiname, ndugu yangu. Hakuna anayekucheka kwa ubaya.

Jua lilipozama, Sabato ikafungwa kwa sala, Mama Filister akamgeukia: "Haya, sasa sema." Bravin akasema kampuni iko tayari kukipa kikundi friji kubwa ya kuhifadhia samaki, ili mambo yarudi kama zamani. Ndugu zangu, mnajua friji ni nini hapa Sindo. Mnajua samaki wangapi tumewatupa ziwani wakiwa wameharibika. Mama wote wakamgeukia mwenyekiti wao. Hata mimi, ningekuwa ndani, ningesema chukueni. Mama Filister akashukuru kwa heshima zote, kisha akasema, "Friji ni kitu kizuri, mwanangu, na ukituletea siku nyingine tutakuombea. Lakini ya leo inakuja na mlango wake umemfungia mtu nje. Rudi uwaambie, mpaka mwalimu apande jukwaani, sisi hatununui."

Bravin akarudi na ujumbe huo, na kwa heshima yake nasema leo hadharani, aliufikisha bila kuuchakachua. Kampuni ikawaambia watu wa redio kwamba haitalipia viti viwili. Redio ikatafuta kiti cha tatu. Wakaangaji wakageuza aproni zao, na soko likawa la manjano tena.

Nikapanda jukwaani. Nilijua kwamba nimebebwa na mikono ya mama hawa, na nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba mikono hiyo itaendelea kunibeba. Kipindi cha maswali kikafika. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Mama Filister, na swali lake lilikuwa langu. "Mwalimu, umeahidi kiwanda cha barafu. Stima yenyewe inapotea kila siku. Hicho kiwanda kitatumia nini?" Nikajibu. Nilizunguka, nikataja serikali kuu, nikataja wahisani, nikataja jua na upepo, na nilipomaliza ukumbi mzima ulijua kwamba sijui. Yeye akatikisa kichwa, akaketi. Nikawa wa tatu kwenye mdahalo, na wa tatu kwenye kura.

Baada ya matokeo nilimwendea kumshukuru, kwa sababu nilijua kwamba katika zile kura zangu chache, angalau ya kwake imo. Alikuwa amerudi kwenye meza yake. Akanikatiza mapema. "Mwalimu, usinishukuru. Mimi sikukupigia kura. Jibu lako la stima halikuniridhisha."

Niliwaza siku zote zile, mahali pake pa barabarani alipompa Dorine, friji aliyoikataa, samaki wa kuchemsha ambao hakuna aliyewataka. Nikamwuliza, "Sasa, Mama, uliteseka vile kwa nini?"

Akanifungia samaki wangu kwenye gazeti, akanikabidhi, akasema, "Na kama ungeachwa nje, ningejuaje?"

Mama Filister, nimepewa zawadi nyingi maishani na watu walionipenda. Wewe hukunipenda hasa, hukuniamini, wala hukunichagua, na bado uliacha riziki yako ipoe ili nisikike. Mimi sijui kama ningeweza kumfanyia hivyo mtu nisiyemtaka. Nimejiuliza mara nyingi, na bado sijui. Erokamano, Mama, asante sana. Nyamira wakupokee vizuri, na kama huko kuna mtu amewekwa chini ya meza, namwonea huruma aliyemweka.

Waheshimiwa, wageni wetu, mama zangu, mmenivumilia, nami nawashukuruni nyote kwa kunisikiliza.