Nani Anakula Umeme wa Papa Dubai?

Pale Katindo, chini ya dirisha la Hemedi, kuna benchi la kijiwe lililoegemea ukuta wa mawe ya volkano. Juu yake imetundikwa mita ya umeme ya kizamani, ile yenye kisahani kinachozunguka nyuma ya kioo. Hemedi wanamwita Papa Dubai: alifika huko mara moja, akarudi na kikohozi. Asubuhi hiyo alikuwa amekata waya wa mpangaji wake, mjane Munezero, akimshuku kuwa anamaliza umeme. Kumbe kisahani bado kinazunguka! Hemedi akajiona kama mtu aliyemfunga mwizi, na kuku wanaendelea kupungua.

— Nimezima nyumba nzima, hata taa. Mashini inazunguka tu!

— Usiisingizie, Papa, alisema Kambere kinyozi, akimjazia kikombe cha kahawa. Hii haijui uongo. Jenerali, padri, muuza makala ya kuwashia moto, inawahesabia sawasawa.

— Mimi sitaki siasa, alidakia Dancille wa maandazi, ambaye siasa zote alizianza hivyo. Lakini ingekuwa mutu, ningeipigia kura!

— Sasa kuran, huo umeme wangu, inakwenda wapi? aliuliza Hemedi.

— Inanyonywa na Nyiragongo, alisema Kambere. Ule moto wa mulimani unafikiri unatoka wapi?

— Bongo, uongo mtupu! alisema Dancille. Ni gazi ya ziwa inaisukuma kuran irudi nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Methali hiyo imeingia aje hapa, Mama?

— Imeingia na maji.

Hemedi hakucheka. Dubai aliona majengo yanayogusa mawingu, lakini hakuona kitu chenye subira kama kile kisahani. Ng'ambo ya ua, Munezero alikuwa akinyoosha nguo za wateja kwa pasi ya makaa, kimya. Ukimya ule ulimchoma Hemedi kuliko pasi.

Akafika Havugimana, mwenye pikipiki kutoka Kiwanja, akaomba kahawa, akaonja.

— Iko ya moto kabisa! Munaichemshia wapi?

Macho yote yalishuka chini ya benchi, kwenye resho, lile jiko dogo la umeme la kijiwe, yakafuata waya wake hadi ndani ya dirisha la Hemedi. Kambere aliuchomeka humo kila asubuhi, miaka na miaka, hadi hakuna aliyeuona tena.

Hemedi akauchomoa. Juu, kisahani kikapunguza mwendo, kikasimama.

— Mashini ya haki! alinong'ona Kambere.

Hemedi alikuwa ameshika koleo, anavuka ua.

— Mama Munezero, unisamehe. Mwizi ni mimi na kahawa yangu.

Munezero alijibu bila kuinua kichwa.

— Funga kwanza waya, Papa. Musamaha utafuata kuran.