Banda la Wavutaji na Chumvi ya Mama Benedicta

Mheshimiwa Meya, mgeni wetu rasmi, Waheshimiwa madiwani, Mtendaji wetu wa kata, wachungaji wetu, mama zangu wa viazi, madereva na matingo wa malori, ndugu wageni waalikwa wote. Kamwene! Mugonile! Haya, mmeitika vizuri, wa Iringa na wa Mbeya wote nimewasikia.

Mshereheshaji ameniandikia karatasi nisije nikamruka mkubwa. Akaniambia, "Mama, diwani utamtaja baada ya Meya." Nimetii. Sasa Meya nimeshamtaja, kwa hiyo niacheni nimtaje wa kwangu: Mheshimiwa Benedicta Rabson, diwani wa kata hii, niliyemzaa mimi hapa, mimi niliyeishia darasa la saba kule Iringa. Mheshimiwa, simama wakuone. Haya kaa, mwanangu, usije ukasema mama anakuaibisha.

Leo tunafungua banda la wavutaji. Najua wapo wanaocheka pembeni: diwani gani huyu, anawajengea watu wa sigara banda zima, lenye bati, benchi na ndoo za mchanga? Jamani, mmeshasahau soko letu la hapa Uyole lilivyokuwa? Mama umekaa na viazi vyako, mtoto mgongoni, malori yamejipanga barabarani, na dereva amekusimamia anakuuliza bei huku moshi wote anakupulizia wewe na mtoto. Benedicta alipoleta sheria ndogo ya kukataza sigara sokoni, madereva wakapiga kelele kwamba anawaonea. Akawajibu, "Kaka zangu, kuvuta ni hiari yenu. Ila huyu mtoto wa mgongoni nani alimuuliza? Nitawajengea mahali pa kuvutia sigara." Basi si hilo hapo! Amejenga.

Sasa niseme langu, maana ndilo lililonileta hapa mbele. Siku ile ya wananchi kutoa maoni, mimi nilikuja na wenzangu wanne wa kwaya, tukakaa mstari wa mbele kabisa. Nikanyoosha mkono, nikasema sheria hii haitoshi, iingie mpaka majumbani! Nilikuwa na sababu. Mume wangu, Mzee Rabson, yule pale mwenye koti la kahawia, anavuta tangu hajanioa, na siku hizi asubuhi kifua chake kinakoroma kama trekta linalogoma kuwaka. Naogopa. Nisiwafiche, naogopa kubaki peke yangu. Nikawaza, si nina diwani? Aandike kifungu kimoja tu, mgambo waje wamnyang'anye, mimi nipumzike.

Mnajua alinijibu nini? Mtoto niliyemnyonyesha alinitazama usoni akasema, "Mama Benedicta, asante kwa maoni yako. Serikali haitaingia chumbani kwa mtu." Mama Benedicta! Jina lake mwenyewe! Madereva wakapiga makofi, na kwaya yangu nayo ikapiga. Nilinuna siku tatu.

Siku ya nne akaja nyumbani, akanikuta jikoni napika mboga.

"Shikamoo, mama."

Nikaitikia kwa mbali.

"Mama, leo nikimtuma mgambo kwa baba, kesho diwani mwingine atamtuma jikoni kwako. Presha unayo, zahanati wamekukataza chumvi. Hicho ulichoshika mkononi ni nini?"

Waheshimiwa, nilikuwa nimeshika chumvi. Na mzee kule nje akadakia, "Mwambie afungue na mkono wa pili, mwanangu!"

Nilitaka kukasirika, nikacheka mpaka nikatafuta kigoda nikae. Mnaona akili ya mtoto huyo? Chuo amesoma, sawa, lakini hiyo ameitoa kwangu.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo nikae tu nimsikilize baba yako akikohoa?"

Akasema, "Hapana, mama. Mwombe. Umewahi kumwomba?"

Miaka arobaini na moja ya ndoa nimemfokea, nimemfichia kiberiti, pakiti nzima nimeitupa chooni. Kumwomba, sijawahi.

Basi namwomba leo, mbele yenu. Baba Benedicta, wiki hii yote mboga nimepika bila chumvi. Ulidhani nimesahau, ukala ukanyamaza. Sikusahau, baba. Nimeanza mimi. Nakuomba, mume wangu, na wewe punguza. Sikulazimishi. Ukitaka kuvuta, banda hilo hapo, utakuwa wa kwanza kulikalia. Lakini nakuomba.

Unasemaje? Paza sauti, wa nyuma hawasikii!

Anasema moja asubuhi na moja jioni. Kutoka pakiti nzima, jamani! Eh? Nini tena? Anasema kwa sharti kwamba Jumapili mboga iwe na chumvi.

Ya kuonja tu, Baba Benedicta, na zahanati nitawauliza kwanza. Nimekubali! Mheshimiwa Meya, wewe ni shahidi, na hakuna mgambo aliyetumwa. Na wewe Mheshimiwa Diwani, weka chini hiyo kalamu. Hili usiliandike kwenye sheria yoyote, hili ni la nyumbani kwetu.

Nawashukuru sana kwa kunipa masikio yenu. Asanteni, na Mungu awabariki.