Pazia: Kadi Ambayo Dada Hakuimaliza

Dada yetu, tuliyezoea kumwita Dada Kadi, alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa karani wa stoo na mama mshonaji. Mdogo wake, anayewasomea maneno haya, alizaliwa miaka mitatu baadaye, akabebwa mgongoni mwa dada huyo mpaka akaanza kuona aibu.

Dada alisoma shule ya msingi mwaka 1965 hadi 1971, na sekondari hadi 1975. Huko ndiko alikoanza kuandika misemo ya vijana kwenye kadi: neno, mwaka, na aliyelitamka. Neno likibadilika maana hakufuta kitu, aliongeza mstari chini yake.

Tangu 1977 hadi 2013 alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Mchana alinyoosha lugha za watu. Jioni, kwenye meza ya jikoni, alitunga hadithi kwa yale maneno yasiyonyooka. Alifunga ndoa na fundi redio tarehe 15 Desemba 1984. Msimamizi wake alipomnong'oneza neno geni pale mbele, bibi harusi aliomba kalamu. Bwana harusi akawaambia wageni, "Tuvumilie jamani, mke wangu yuko kazini."

Mwaka 2009 alitoa kitabu. Ndani yake mna mvulana aitwaye Pazia, kwa sababu shati lake limekatwa kwenye pazia kuukuu. Shati hilo mama alimshonea huyu mdogo wa dada mwaka 1972, na jina ni hilohilo alilopewa na wenzake. Mtaa mzima ulimtambua. Wateja walipita kwenye cherehani yake, maana naye ni mshonaji kama mama, wakimuuliza kama upepo unamsumbua. Akamwambia dada yake, "Umenivua nguo mbele za watu," na hakukanyaga kwake miaka kumi na minne. Hasira hasara, wahenga walishasema, naye aliwasikia akapuuza.

Februari 2023 saratani ya koo ilimnyang'anya dada sauti. Jumatatu, tarehe 8 Mei, mdogo wake akaenda wodini. Dada akampa kadi: "Pazia, 1972. Mwenye nguo ya kuchekwa." Chini yake, kwa wino mpya: "Baadaye je? Nilisikia mkilitumia vingine. Hukuniambia."

Mdogo akaona haya. "Kesho, dada. Nitakuja mapema, tuongee vizuri."

Akaitikia kwa kichwa. Alifariki Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, mdogo wake akiwa bado anavaa viatu.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, masanduku kumi na saba ya kadi, na mdogo wake. Kadi ya mwisho imejazwa leo, na atazikwa nayo:

"Pazia, 1974. Mtu anayesimama mbele yako ili kosa lako lisionekane."

Wavulana walianza kulitumia hivyo siku dada alipomwambia baba kwamba kioo cha dirisha amekivunja yeye. Hakukivunja yeye.

Apumzike sasa. Amesimama mbele ya mdogo wake vya kutosha.