Mbu Hewani: Mzee Kiitikio Anapumzika Baada ya Miaka Thelathini na Mmoja

Ijumaa hii, tarehe 28, saa kumi jioni, mtunzi na mtayarishaji mkuu wa muziki katika studio yetu atarudisha funguo baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi. Sote tunamwita Mzee Kiitikio, na wapo wafanyakazi hapa wasiolijua jina lake jingine. Nimeombwa mimi, msaidizi wake wa mitambo, niandike machache kwa ajili ya jarida letu. Nimekubali, ingawa nimeshachana karatasi tatu utadhani ni mimi ninayeondoka.

Aliingia hapa akiwa fundi wa nyaya. Wakati huo studio ilikuwa vyumba viwili tu, kimoja kikiwa kimezibwa kuta kwa magodoro chakavu na trei za mayai. Siku moja mpiga kinanda hakutokea. Mwimbaji amesimama anatazama magodoro, muda unakwenda, na fundi nyaya akasema labda yeye ajaribu. Kujaribu kwenyewe ndiko huko kulikofika mpaka leo.

Jina lake linatokana na tabia yake ya kuanza wimbo katikati. Hakutaka ubeti wa kwanza, wala hadithi ya nani kamwacha nani. "Nipe kiitikio," alikuwa akisema, "hayo mengine mtu atayasahau kabla hajavuka barabara." Alikiandika nyuma ya chochote kilichokuwa karibu: bahasha, boksi la balbu, na mara moja nyuma ya fomu ya likizo ya dada wa mapokezi. Likizo ya dada ilichelewa wiki nzima kwa sababu fomu yake ilikuwa inaimbwa chumba cha pili.

Ana namna yake ya kupima kazi. Wimbo ukikamilika haupimi kwenye spika kubwa. Anaupeleka chumba cha chai, anaupiga kwenye spika ndogo yenye ufa iliyo juu ya friji inayonguruma, kisha anafungua bomba na kuosha vikombe vyetu vyote. Maneno yakisikika kuliko friji na maji, wimbo umeiva. Yasiposikika, tunarudi tulikotoka. "Nani anasikiliza muziki amekaa wima kama yuko mahakamani?" huwa anauliza. Nyimbo zaidi ya mia nne zimepita juu ya friji hiyo, na vikombe vyetu havijawahi kuwa vichafu.

Wimbo uliompa jina kubwa ni ule wenye mlio wa kiti. Mwimbaji aliegemea nyuma katikati ya kiitikio, kiti kikalia kwii. Kila mtu alisema ikatwe. Yeye akasema kiti kimeingia kwa wakati wake, kiacheni. Wimbo ulipotoka, watoto njiani walikuwa wanauimba pamoja na ile kwii yake. Tangu siku hiyo, chochote alichokiacha Mzee ndani ya wimbo tuliamini amekiacha kwa makusudi. Hapo ndipo tulipopotea, na nalisema kwa sababu mwenyewe amenikataza kuliruka.

Mwezi wa tatu mwaka huu tulitoa wimbo wa mwimbaji wetu wa kike mwenye sauti nzito. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mluzi mwembamba sana, kama mbu aliyekwama nje ya chandarua. Ulitoka kwenye waya mmoja uliochoka. Mimi nilimsikia yule mbu siku ya kwanza. Mpiga gitaa la besi alimsikia. Dada wa mapokezi alimsikia akiwa mlangoni. Hakuna aliyefungua mdomo. Kila mmoja alijiambia moyoni kwamba Mzee ana lake, tusubiri tutaona. Wimbo ukapelekwa chumba cha chai, friji ikamfunika mbu kwa ngurumo yake, na kazi ikaenda redioni.

Jumatatu asubuhi mtangazaji aliupiga, akaukatiza katikati. "Jamani wasikilizaji, leteni dawa, kuna mbu hewani!" Simu zikaanza kulia kwetu kabla hajamaliza kucheka.

Mzee aliingia akakaa bila kuvua koti. Akatuuliza mmoja mmoja.

"Wewe ulimsikia?"

"Nilimsikia, Mzee."

"Na wewe?"

"Nilimsikia."

Akanigeukia. "Hata wewe, mama mtoto?"

Huyu ndiye aliyesogeza ratiba yote ya kurekodi mpaka saa nne, nilipotoka likizo ya uzazi, ili nipate muda wa kumfikisha mwanangu kwa bibi yake. Nikamjibu nikitazama viatu vyangu. Yeye akacheka. "Basi mbu kawang'ata studio nzima, mimi peke yangu nimelala salama." Tukacheka naye kwa sababu tuliogopa kutocheka. Siku hiyo hakucheka tena.

Daktari wa masikio alimwambia sauti nyembamba zimeshaondoka na hazirudi, na kwamba nyingine zitafuata polepole. Lakini kilichomnyima raha Mzee kilikuwa zile nyimbo ambazo tayari ziko mikononi mwa watu. Alitoa kazi zote za miaka miwili, nyimbo sitini na mbili, tukakaa naye tukazisikiliza moja baada ya nyingine kwa wiki tatu. Alikuwa anatutazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Ukijikuna tu, anasimamisha. "Nini? Sema!" Ni shingo tu inawasha, Mzee. "Una hakika?" Tulikuta mbu wengine wawili. Aliwapigia waimbaji wale yeye mwenyewe, akaomba radhi, akazitengeneza upya nyimbo zote mbili.

Kisha akaandika barua ya kustaafu, miaka miwili kabla ya wakati wake. Mkurugenzi wetu aliirudisha mara mbili. Mara ya tatu aliyeileta ni mke wa Mzee. Aliiweka mezani kwa mkurugenzi akasema, "Mama, huyu mume wangu sasa kila dakika ananiuliza kama birika limeanza kupiga mluzi. Naomba mmpokelee barua yake, nami nipumue." Barua ikapokelewa.

Ukabaki wimbo mmoja. Ameutunga mwenyewe na alitaka aumalize kwa mkono wake. Hofu yetu ilikuwa hiyo hiyo moja: asije akaondoka na dosari asiyoisikia, tena ndani ya kazi anayoipenda kuliko zote. Jumatano aliegemea nyuma, akatangaza kwamba umekaa.

Ulikuwa haujakaa. Karibu kila mstari ulikuwa unachachatika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa maji; zile sauti nyembamba asizozisikia alikuwa amezipandisha mno. Mpiga besi akaniangalia, nami nikamwangalia.

Nikasema, "Hapana, Mzee. Bado. Sauti inachoma masikio."

"Wapi?"

"Karibu kote."

Akaondoa mkono kwenye kitufe. Halafu akasimama. "Haya, kaa wewe."

Nikakaa. Hakutazama kompyuta. Alikuja kusimama mbele yetu, mgongo umeelekea spika, akawa anatusoma nyuso. Mimi napunguza zile sauti nyembamba kidogo, wimbo unapigwa, yeye anatukodolea macho. Tukikunja uso, anainua kidole: bado. Tulikwenda hivyo saa nzima. Nyuso zetu zilipofunguka, aliona kabla hatujasema neno. "Hapo hapo! Msiguse tena."

Na palikuwa hapo hapo.

Naandika haya wimbo ukiwa haujatoka. Utapigwa redioni Jumamosi asubuhi, na itakuwa mara yake ya kwanza kusikia kazi yake akiwa jikoni kwake, kama msikilizaji yeyote. Tangu Jumatano nimeusikiliza mara ishirini. Bado sijui kama nilipunguza sana au kidogo. Yeye amekataa kuusikiliza tena, anasema ameshaona.

Mzee wetu, kwa niaba ya wote hapa, ahsante kwa nyimbo, kwa vikombe, na kwa kutufundisha kwamba kukunyamazia hakukuwa heshima. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na siku nyingi za raha ukiwa na mwenzako. Jumamosi mkae wote wawili karibu na redio, umtazame usoni. Akikunja uso hata kidogo, piga simu hapa studio. Nitapokea mimi.