Merina Osward Matimbwa, Aliyekataa Mjukuu Wake Aitwe Hana Ndugu

Leo tunalia, lakini tunamsindikiza mshindi. Merina Osward Matimbwa alizaliwa kijijini Kisawasawa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa tatu wa mzee Osward na mama Rosemery. Alisoma hapo hapo hadi darasa la nne, akaacha ili alee wadogo zake. Mdomo wake, hata hivyo, haukuhitaji cheti.

Mwaka 1970 alifunga ndoa na Egidius Likweti, wakahamia Kibaoni. Alilima mpunga Chita maisha yake yote, na hakuna ndege aliyemzoea.

Mwaka 2004 binti yao Happyness alifariki akimzaa Omega. Maziwa ya kopo yaliwashinda, wakampeleka mtoto kituo cha kulelea watoto mpaka aweze kula ugali, kisha arudi nyumbani. Msimu ulipofika, Merina akahamia shambani kama kila mtu. Watu wa kituo wakakuta nyumba imefungwa, wakaandika kwamba mtoto hana ndugu. Wakapatikana watu wa kumuasili katika nchi moja ya ng'ambo, na tiketi ikakatwa.

Afisa mmoja wa ubalozi wa nchi hiyo hakuridhika na karatasi. Alimfuata Merina mpaka Chita, viatu vimejaa tope, akamkuta juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, anaamia ndege wasile mpunga. Merina akamkabidhi kopo lenye kokoto.

"Shika, tikisa upande ule. Mpunga hausubiri maongezi."

Aliposikia habari ya safari, alishuka. "Mwanangu, huyo tulimpeleka anywe maziwa, hatukumtupa. Na ninyi mnaompokea, mtu akikuletea mtoto mlangoni, humuulizi kamtoa kwa nani?"

"Tulipaswa kuuliza mapema, Bibi," afisa alijibu. "Haondoki."

Na kweli hakuondoka. Tangu hapo nchi ile haikupokea mtoto wa kituo kile kabla ya watu wa ubalozi wenyewe kuwatafuta ndugu zake. Waliomsubiri Omega waliumia sana. Merina hakuwaita wezi, aliwaombea.

Mwaka jana alimwona Omega akihitimu uuguzi, akacheza mpaka kitenge kikamlegea. Moyo ulianza kumsumbua Januari 2025, akafariki nyumbani Kibaoni tarehe 9 Aprili, watu wake wamemzunguka.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na tisa na vitukuu sita. Mungu amlaze pema bibi yetu, kazi yake aliimaliza.

Aliyewasomea ni mjukuu wake, Omega.