Herufi Nazo Zinataka Hewa

Benchi letu lina miguu mitatu, wa nne ni tofali. Liko kati ya kibanda changu cha kushona viatu na mtaro ambao zamani tuliuita kijito, na jiko la kahawa la Mama Birika hukaa pembeni, juu ya pipa lililopinduliwa, jeusi kwa masizi. Siku ile mzee Brashi, mwandika mabango wa mwisho mtaani, alikuwa ameegemeza ubao mkubwa ukutani. Kamati ya mtaa ilikuwa imetundika bango la plastiki kukataza watu kutupa plastiki. Upepo ukaling'oa, likaziba mtaro, maji yakaingia nyumba sita. Kwa aibu wakamrudia Brashi, ambaye hawakuwa wamempa kazi miaka tisa. Saa kumi mwenyekiti angekuja kuona maneno yalivyopangwa kwa chaki. Asipoyapenda, kazi inarudi kwenye mashine ya kuchapa na Brashi anauza brashi zake. Alishasema hivyo, na yeye si mtu wa kusema ovyo.

— Nyekundu, akaanza Spana, fundi baiskeli. Herufi kubwa kubwa, zijaze ubao mzima. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

— Gogo linahusiana nini na nyekundu? nikamuuliza.

— Wewe fikiria tu.

— Ukiujaza ubao, akasema Brashi, hapo kila neno linapiga kelele, na mpita njia hasikii hata moja. Mkubwa wa nyumba ni mmoja. Neno moja linatangulia, mengine yanafuata. Na herufi nazo zinataka hewa. Dada alikuwa akiniambia mtu husoma nafasi tupu kwanza.

Dada alikuwa dada yake kweli, marehemu sasa, aliyemfundisha kazi. Lakini mtaa mzima tulimwita hivyohivyo, Dada, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa na madoa ya kila rangi aliyowahi kuchanganya.

— Mnakosea ugonjwa, akasema Daktari. Huyu ni karani mstaafu. Jina alilipata kwa kugundua maradhi ya kila kitu isipokuwa kikohozi chake. Andikeni herufi ndogo, kama zile za kwenye karatasi ya dawa. Mtu atasimama, atainama, atashika magoti kwa mikono miwili ili asome. Sasa taka atazitupa kwa mkono gani?

— Atazitua chini kwanza, akasema Mama Birika.

— Basi yaandikwe kichwa chini, Spana akarukia. Yasomeke kwenye maji. Mtu akikitazama kijito, kijito chenyewe kinamsema. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Maji yapi?

Mama Birika ndiye aliyeuliza. Tukageuka kuutazama mtaro, na kila mmoja akaona cha kwake cha zamani. Mimi niliona kivuli cha bango la duka la mikate, kazi ya Dada, kikitikisika majini kila mtu aliporusha kijiwe. Ngozi zangu nilizilowesha pale pale. Nilizitamani siku zile.

— Daktari, nikamuuliza, unakumbuka ulipopoteza kaptula yako humo?

— Haikupotea. Mkondo uliichukua. Siku hizo kulikuwa na mkondo.

Akacheka, akamwaga machicha ya kahawa nyuma ya bega lake, mtaroni.

— Zamani watu walikuwa na adabu, akaongeza.

— Zamani kulikuwa na pipa la Dada, akasema Brashi. La manjano, lina neno moja jeusi: HAPA. Hakumkataza mtu kitu. Ulikuwa ukiliona kutoka kule kwa kinyozi, miguu ikakupeleka yenyewe.

Akaandika polepole: USITUPE TAKA HAPA. Halafu akaupindua ubao, kichwa chini. Ndivyo Dada alivyoikagua kazi yake kila mara, ili jicho liache kusoma lianze kuona. Tukainamisha vichwa na kufinya macho, wanaume wanne tumepinda shingo kama tuliolalia mto mbaya.

— A na P zimebanana, akanung'unika. Yeye hangezibana.

Ndipo akaja mama mmoja na ndoo ya maganda. Alikuwa amehamia chumba cha juu kwa kinyozi Jumatatu ile.

— Hamjambo wazee wangu. Naona mnaandika nisitupe hapa. Sawa. Basi nitupe wapi?

Daktari akakohoa. Spana akakaza nati iliyokwisha kukazwa. Brashi, shingo bado imepinda, alikuwa anatazama pipa la Mama Birika. Akachukua kitambaa chenye tapentaini, akapiga magoti, akafuta. Ikatokea manjano. Ikatokea A iliyosimama kwa kichwa, kisha P.

— Mama Birika, hili ulilitoa wapi?

— Lilikuwa limelala kwenye nyasi baada ya msiba wa Dada. Nami jiko langu lilikuwa linatikisika.

Nani amlaumu? Tulikuwa tukiweka vikombe vyetu juu yake miaka yote hiyo. Mama Birika akaliondoa jiko, tukaligeuza pipa, nalo neno likasimama: HAPA. Kati ya A na P palikuwa na hewa. Brashi akapapasa pale, machozi yakamtoka na hakuyafuta.

— Mambo yamekwisha, akasema Daktari. Pipa limerudi.

Yule mama akamwaga maganda yake, yakagonga chini. Akasimama kidogo.

— Na likijaa, huwa linamwagwa na nani?

Spana akachungulia ndani ya pipa.

— Halikuwahi kujaa, akasema Spana.

— Pipa halijimwagi, baba.

Miaka yote tulikuwa tukizisifu zile herufi. Brashi akajikalisha kwenye benchi taratibu.

— Kila alfajiri Dada alitoka na mkokoteni, akasema. Aliniambia anafuata rangi. Nami nikamwamini. Rangi gani hiyo ya kufuatwa kila siku?

Akainuka, akaugeuza ubao, akaufuta wote kwa mkono wa shati lake. Juu kabisa, kwa herufi za wastani, akaandika ZAMU YA, na chini yake hakuandika kitu. Kisha akatunyooshea chaki.

— Mama Birika, niongeze kahawa kidogo, akasema Daktari.

— Imekwisha.

Spana aliitazama baiskeli. Mimi niliingiza mkono ndani ya kiatu cha mtu, kama natafuta msumari. Chaki ikabaki hewani, na ile nafasi tupu ya ubao nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa anakuja, ndiyo kwanza amefika kule kwa kinyozi, lakini nilimwona anapunguza mwendo. Alikuwa ameshausoma.