Pikapu Tuliyoiita Mlevi

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe pia na ninyi mliokaa karibu na mlango mkingoja kutoroka. Mwanijua. Mimi Mama Dama wa Adu ni mtu wa jikoni kwangu. Malindi naiona tu kukiwa na mgonjwa. Mkinisikia nasimulia habari za magari, nivumilieni.

Mume wangu Charo alitaka pikapu ya dizeli ya kubebea mananasi, tukaenda kuchagua pamoja. Muuzaji aliona Biblia mkononi mwangu akajua pa kunishika. Akapiga kofi boneti ya pikapu moja nyepesi.

"Hii, mama, imeokoka. Hainywi. Waijaza hapa, waenda Adu warudi, na mshale wa mafuta uko pale pale."

"Na ile kubwa?" Charo akauliza.

"Ah, ile mlevi. Ina breki za kisasa, mifuko ya hewa, mikanda kila kiti, lakini yanywa, bwana."

Mimi nikacheka, nikakata shauri papo hapo. Nyumba ya waliookoka, mlevi aingie wapi? Charo hakucheka. Akaketi ndani ya ile iliyookoka, akavuta mkanda, ukamjia wote mkononi. Ulikuwa umekatika. Ndugu zangu, mdogo wake Katana tulimzika baada ya gari kumrusha nje kama gunia. Charo akashuka, akaniambia, "Mama Dama, mlevi huyu tutamnywesha."

Tukamnywesha kweli, na kila safari nilikuwa na neno. "Mwenzio ameshiba leo?" Charo huvuta mkanda wake. Hawashi gari mpaka kila mtu ajifunge, na hapandishi mtu juu ya mananasi. Majirani wakasema ana maringo.

Siku moja ya mvua tulikuwa tukitoka Ngomeni kumtazama dada yangu. Lori la chumvi likateleza, likaja upande wetu. Charo akakanyaga breki. Pikapu haikuyumba, ilinyooka ikipunguza mwendo, lakini nafasi ilikuwa imekwisha. Kitambaa cheupe kikanifunika uso, nikadhani ndiyo sanda yangu. Kumbe ni mfuko wa hewa.

Nikaita, "Baba Dama." Nikaita tena. Mimi mwenye neno kwa kila kitu, maombi yote yalinipotea. Nilibaki na moja tu: Yesu, usimchukue. Mbele yetu dereva wa lori alikuwa amelala barabarani na chumvi imemmwagikia. Hakuwa amefunga mkanda. Hakuinuka tena.

Kisha vidole vya Charo vikanifinya.

Daktari alisema mkanda ulimvunja mbavu ukamwachia uhai. Mguu wake haukupona sawasawa, pikapu ni chuma chakavu, na mananasi mengi yanaozea shambani. Kwenye msiba wa yule dereva nilimshika mamake mkono. Sitawadanganya kwamba yote ni mazuri.

Lakini namshukuru Mungu aliyeutia mkono wa Charo kwenye ule mkanda uliokatika, mimi nikiwa nacheka. Wewe usiyemwamini bado, mkabidhi maisha yako leo, ungali unapumua. Na ninyi mliokuja ibadani mmekaa juu ya magunia kwenye gari, tukishasema amina msipande tena. Twendeni kwa miguu pamoja. Charo siku hizi atembea polepole na mkongojo wake. Hakuna atakayeachwa nyuma.